Phionah na Mguu Wake Kwenye Usaili

Karibu na kambi ya jeshi,
Kasese.
14 Septemba, 2024.

Mpendwa dada Musoki,

Pokea salamu zetu. Mgongo unaendeleaje, na Gulu bado kuna vumbi? Sisi tu wazima. Mto Nyamwamba umetulia msimu huu, haujafurika, kwa hiyo usiku tunalala.

Mihogo ya Mama kule Bwera imestawi. Anasema utakuja kuila, sikumbishia.

Sasa habari za binti yako. Ulisema Phionah akishindwa usaili wa waongozaji wa mlima kule Nyakalengija, atakuja kuuza nguo dukani kwako. Kilichomtisha ni kusoma Kiingereza kwa sauti, hasa yale maneno mawili yanayounganishwa kuwa sifa moja. Snow-capped, yaani wenye theluji kileleni, ina silabi mbili, mkazo kwenye ya kwanza. Bad-tempered, yaani mkali, ina tatu, mkazo katikati. Yeye alizitamka silabi zote kwa uzito mmoja, kama mtu anayehesabu maharage.

Jirani yetu Ojok, mwanajeshi mstaafu, akaichukua kazi ya kumfundisha bila kuombwa. Kwake kila silabi ni hatua, na penye mkazo unapiga mguu chini.

"Kanyaga! Hiyo ingine pita pole!" alikuwa akifoka uani. Kuku wangu wakahamia kwa Saudah, ng'ambo ya njia.

Siku ya usaili nilimsindikiza, nikasimama mlangoni. Mwanao akasoma habari za theluji, akapiga mguu. Alipofika kwa nyati mkali akapiga tena, soli ya kiatu ikaachia. Wasaili wakacheka, mmoja akamuuliza ana nini.

"Nimezoea tu. Afande alifundisha mimi hivyo," akajibu.

Akaambiwa asome tena, miguu itulie. Mazoea yana tabu, dada: niliona kidole gumba kikirukaruka ndani ya kiatu kilichopasuka, lakini kila mkazo ulikaa mahali pake.

Wamemchukua. Anaanza mwezi ujao. Najua umeuogopa mlima ule tangu baba yake alipoteleza huko na mizigo ya watu. Mimi pia naogopa. Hata hivyo siku ile nilifurahi, sitakuficha.

Nisalimie Barbara na Yonasani. Ojok anawasalimu watu wote wa Gulu, kana kwamba unawajua wote. Mungu akushike mkono pale tusipofika sisi.

Ndimi kaka yako asiyekusahau,
Nobert.

Nyongeza: Nauli ya basi ya Phionah kuja Gulu usitume tena. Tuma viatu vya soli ngumu. Mguu wake sasa ni sawa na wako.