Dada Alipita Mlango Wetu

Nakusalimu kwa salamu yetu, kamwene, mjukuu wangu Neema. Huku Lyamkena baridi imetubana, ila viazi vimestawi na mama yako hajambo.

Unauliza kwa nini rafiki yako humrudia mume anayempiga. Kule Lupembe nilikokulia, dada yangu Eliza alipigwa hivyohivyo. Kila alipokimbilia nyumbani, baba alimuuliza, “Umemkosea nini mwenzio?” Kisha wazee walimrudisha kwa mumewe.

Siku moja nilimwona akishuka kwenye lori la majani ya chai, uso umevimba. Aliutazama mlango wetu, akapita. Hatujamwona hadi leo.

Rafiki yako akija tena, usimuulize alikosea nini. Mpe uji, mtandikie alale. Mimi sina tena wa kumtandikia.

Bibi yako