Vioo Viwili vya Gaju

Amezaa! Gaju amezaa, Donata, leo asubuhi kabla sijawasha moto, na ni ndama jike! Mwekundu kama mama yake, ana doa jeupe kwenye paji, na amesimama mwenyewe bila kushikwa.

Sasa ndiyo nakusalimu. Mwanangu, hujambo? Mimi mzima, ila sikai chini. Naandika nimesimama, karatasi iko juu ya pipa la maji, maana kila nikikaa nainuka tena, mara kumtazama ndama, mara kuchungulia barabarani kama lori la viazi la kaka yake Mama Furaha limefika. Yeye ndiye atakuletea barua hii huko shuleni Ruhengeri, na amesema hangoji mtu.

Haraka yangu inazidi yake. Jana Mama Furaha alivuka mpaka kutoka Goma na beseni lake kichwani, akasimama hapa mlangoni. "We mama," akasema, "shangazi ya Donata anasema binti iko anakuja kuuza naye vitenge. Kumbe masomo ya ng'ombe imeisha?" Nikamwambia hayajaisha, na binti yangu ndiye wa kwanza darasani. "Bon," akasema, "basi shangazi anatandika kitanda ya nani?"

Nikaingia ndani, nikamwacha na beseni lake. Mimi, kukimbia maneno!

Unakumbuka Karagwe, kabla hatujarudi nyumbani? Watoto wenzako wanacheza rede, wewe unabandua kupe kwenye masikio ya ndama, unawatia kwenye kopo la mafuta ya taa. Siku moja ukanijia na kitako cha chupa jichoni. "Mama, huyu ana miguu minane, na huyu mdogo ana sita. Wa sita ni mtoto?" Nikakufukuza, ugali unaungua. Mimi niliyeishia darasa la nne ningeijulia wapi miguu ya kupe? Lakini jioni ile ile majirani wote walijua kwamba mwanangu anahesabu miguu ya kupe, na sijaacha kuwaambia watu. Ulipopata nafasi ya kujifunza maabara ya mifugo, hata askari anayekagua mizigo pale mpakani, Grande Barrière, alipata habari, na hakuwa ameniuliza.

Halafu ikaja Pasaka ile, shule ikakupa ruhusa ya kuja nyumbani. Gaju ana mimba, kaacha kula, macho ya njano, mavi makavu kama kokoto. Mzee Karekezi, rafiki wa marehemu baba yako, ambaye ndiye aliyetupa Gaju tulipofika hapa mikono mitupu, alimzunguka mara mbili, akasema achinjwe kabla hajafa, angalau tule nyama. Ukamwambia, "Ngoja kwanza, Mzee. Tuiulize damu yake."

Ukanishikisha sikio la Gaju. Ukachoma kidogo, tone moja tu, juu ya kioo chembamba. Ukainamisha kioo cha pili, ukakirudisha nyuma mpaka kikagusa tone, kisha ukakipeleka mbele, sii, mara moja. "Damu haisukumwi, Mama. Inafuata nyuma ya kioo, kama ndama anavyomfuata mama yake." Ikatandazika nyembamba, ncha yake kama ulimi. Ukafanya na kingine. Ukaviacha viwili dirishani vikauke, ukaenda kumkatia Gaju majani.

Sasa sikiliza, maana ndicho kinachonizuia kukaa.

Siku ile wanawake wa kanisani walikuwa wanakuja. Niliwaita mimi, waje wamwone daktari wangu. Nikaona dirishani kwangu vioo viwili vichafu, vina madoa ya kahawia. Mkono wangu unajua kazi moja. Nikavisugua kwa majivu na sabuni, nikavifuta, vikang'aa nikavionea fahari. Ndipo nikakumbuka. Yewe! Nilikuwa nimetoka kumchinja jogoo wa wageni, shingo yake bado inachuruzika. Nikajisemea, damu ni damu. Nikadondosha tone, nikainamisha kioo, nikarudisha nyuma, nikapeleka mbele, kama ulivyonionyesha. Kesho yake ukavifunga kwenye karatasi, ukaondoka navyo.

Ni mimi, Donata. Hukuchanganya kitu.

Uliporudi baada ya siku mbili, macho mekundu, ulinisimulia. Mwalimu aliinamia hadubini, kisha akaita darasa zima. "Njooni mwone ng'ombe wa Gisenyi. Ana mbawa!" Chembe za damu ya ng'ombe ni duara tupu, ukaniambia, za kuku zimekaa kama yai na zina kiini katikati, hata anayejifunza wiki ya kwanza anajua. Wakakuita Mama Kuku. Mwalimu akasema ama umedanganya ama umevuruga vioo, na hajui kipi kibaya zaidi. Nami nilikuwa nimekaa pale nachambua maharagwe, nikasema, "Pole, mwanangu." Pole! Ulimi huu unaotangaza habari zako mpaka mpakani ulishindwa maneno mawili: ni mimi.

Ukachukua damu upya. Safari hii ulivipepea vioo mkononi mwako mpaka vikakauka, na mimi sikuthubutu kusogea. Majibu yakaja: ndigana baridi, ule ugonjwa wa kupe, nukta nyeusi pembeni mwa chembe za damu kama mtu kachoma kwa ncha ya kalamu. Gaju akapigwa sindano zake, na siku ya nne akalamba chumvi kiganjani mwangu. Zile siku mbili alizocheleweshwa kwa ajili yangu nilizihesabu kwenye mbavu zake.

Gaju alipona. Wewe ulirudi shuleni ukiwa nusu. Barua zikawa fupi. "Mama, mkono wangu hauaminiki." Uliandika hivyo, nami nimeisoma mpaka karatasi imekatika kwenye mkunjo.

Basi uamini mkono wako. Na nikuulize jambo, usicheke: si ulisema mwalimu alikubali kwamba damu ile imetandazwa vizuri, ubaya wake ni kuwa ya kuku tu? Aliyeitandaza ni mama yako wa darasa la nne, kwa kuona mara moja. Na aliyenifundisha ni nani? Mtu anayefundisha hivyo ataenda kupima vitenge kwa mkono?

Barua hii sikuigundisha. Mwalimu aisome, na darasa lisome.

Desturi unaijua, ndama jike wa kwanza ni wa aliyetoa ng'ombe. Huyu atanyonya kwanza mpaka aachishwe, lakini Mzee Karekezi anakuja aonyeshwe na kumpa jina. Amesema kamba ya ndama haipokei kutoka mkono wangu, ila kutoka mkono uliomzuia asimchinje mama yake. Na wale wanawake wa kanisani nimewaita wote. Walioalikwa kukusifu watanisikia nikisema nilichofanya, na jogoo nimtaje.

Njoo na vioo vyako. Dirisha sitalisogelea.

Lori linapiga honi. Usiende Goma, mwanangu. Kwaheri ya kuonana, sote tutakuwa hapa uani tunakungoja, Jumapili hii, misa ya kwanza ikiisha.

Mama yako,
aliyevisugua vioo