Pamba, Kura au Mpaka

Jumapili, Rubongi. Mvua ilianza alfajiri ikatukuta hata kanisani, mchungaji akawa anapaza sauti kushindana na mabati. Kisha jua likatoka kama halijui lolote. Sasa ua wote unafuka mvuke na kuku wanaparura tope. Nimekunywa chai, nimenyoosha miguu kwenye mkeka, na hakuna anayeniita.

Nimeridhika.

Neno hilo silitumii ovyo, kwa hiyo niandike yaliyonifikisha hapa kabla sijaanza kuyasahau au kuyapamba.

Sisi tunajiita wanamaendeleo. Wazee wengine wa hapa wanatuita wapiga kelele, na siku nyingine wana haki. Ni walimu, wakulima wa pamba, fundi cherehani mmoja, watu wa reli wawili watatu, na tangu mwaka huu wanawake pia, ingawa mpaka sasa ni mimi na mke wa katekista tu. Tunakutana Jumamosi katika darasa la watoto wadogo, magoti yamekunjwa kama ya panzi. Kiongozi wetu ni Mwalimu Obbo, mtu mwembamba ambaye akikasirika anaongea polepole zaidi.

Mwezi uliopita chifu wa gombolola, yaani tarafa yetu, alituletea habari. Bwana Disii, yule Mzungu mkuu wa wilaya, angewapokea watu wetu ofisini kwake Tororo, lakini alitaka kusikia jambo moja. Moja tu. Wenzetu waliokwenda mwaka jana walikwenda na malalamiko ya kila aina, akawashukuru sana, akawaambia wayaandike wayalete. Waliyaandika, wakayapeleka, na hakuna aliyewahi kujibiwa.

Basi tukakaa kuchagua.

Sikujua kwamba kuchagua ni kugumu kuliko kulalamika. Tumelalamika pamoja kwa raha miaka yote hii. Tulipoambiwa tuchague, kila mtu akagundua kwamba jirani yake ana jambo lake.

Mwalimu Obbo alianza. Yeye anataka kura. Anasema kule barazani wanakotunga sheria hakuna hata mtu mmoja tuliyemchagua wenyewe, na mpaka awepo, kila tunachopata ni cha kuomba. "Tukipata kura," alisema, polepole kabisa, "hayo mengine tutayadai. Bila kura tutaendelea kupiga hodi."

Kisha akasimama mume wangu, Owor. Yeye ni pamba. Ana shamba ambalo watu hutoka Iyolwa kuja kulitazama, na kila msimu anarudi kutoka kwenye kinu cha pamba amenyamaza. "Sisi nalima, sisi navuna, sisi nabeba," alisema. "Halafu mtu mwingine nasoma mizani, amegeuza mgongo. Tuwe na mtu wetu hapo kwenye mizani. Ni hiyo tu mimi nataka." Watu walipiga makofi. Na mimi nilipiga.

Tulidhani mambo yamekwisha hapo, Nabwire akabisha mlango.

Nabwire ni mjane anayeuza mihogo mikavu upande wa Busia. Si mwanachama. Aliomba aingie aseme neno, na Mwalimu akamruhusu. Alisimama karibu na ubao akaeleza jinsi alivyokamatwa kwenye mpaka wa Kenya na kapu lake. Tangu mvua za mwaka jana zilipokosekana kuna amri kwamba chakula kisitoke wilayani, na askari wanaishika amri hiyo kwa mikono miwili, hasa mbele ya mwanamke anayetembea kwa miguu. Walichukua mihogo. Yeye wakamweka korokoroni na walevi mpaka asubuhi.

"Dada yangu ameolewa ng'ambo," alisema. "Shamba la marehemu liko huku, mnada uko kule. Mnataka nigawe mwili wangu?"

Hakulia. Alifunga khanga yake vizuri akatoka.

Tulipiga kura kwa mikono. Jambo la Mwalimu, yaani kura, ndilo lililoanguka kwanza, akakubali. Zikabaki pamba na mpaka. Mikono ikahesabiwa, ikahesabiwa tena, ikawa sawasawa. Ndipo fundi cherehani akanigeukia.

"Mama Akoth, mkono wako hatujauona."

Ni kweli. Nilikuwa namimina chai. Sijui kama nilijificha nyuma ya birika au nilidhani kweli kwamba mkono wangu hauhitajiki. Chumba kizima kikanitazama, na Owor akanitazama, akitabasamu, kwa sababu jambo lilikuwa limekwisha. Mke wake. Shamba lake. Pamba ambayo mimi mwenyewe niliipalilia.

Mimi ni Msamia wa upande wa Kenya. Mama yangu yuko ng'ambo ya mpaka hadi leo, miguu imevimba, anakunywa uji wa wimbi na karibu hakuna kingine. Owor ni Mjapadhola. Alinikuta mnadani Busia akinunua majembe, hajui Kisamia, mimi sijui Kidhopadhola, tukabaki na Kiswahili, chake cha huku na changu cha kule. Ndicho kilichotuoza. Na tangu amri hiyo itoke, nimekuwa nikienda kwa mama yangu mikono mitupu kama mgeni asiye na adabu.

"Mpaka," nilisema.

Tabasamu la Owor halikuondoka mara moja. Lilibaki pale bila kazi.

Mwalimu akaniambia nieleze. Niliweka birika chini. Nilisema pamba ni kweli na kura ni kweli, lakini Disii hana neno juu ya kura, na kuhusu pamba atatuambia ni mambo ya wakubwa wa serikali kule Entebbe. Askari wa mpakani ni wake. Anaweza kuwaambia neno moja wakaacha. Tumpelekee jambo ambalo hawezi kusema si langu. Tena msimu wa kuuza pamba bado uko mbali, lakini watu wanavuka na vikapu kesho asubuhi.

Niliamini kila neno. Ninaamini bado. Lakini hapa ninapoandika peke yangu naweza kuuliza: kama mama yangu angekuwa anakaa huku, Iyolwa, mkono wangu ungekwenda wapi?

Sijui. Nadhani watu wote mle chumbani walikuwa na mama zao mahali fulani. Owor mama yake ni lile shamba.

Njiani kurudi alitangulia hatua kumi mbele yangu. Nyumbani alisema, "Umenipiga mbele ya watu."

"Sikukupiga, Baba Akoth. Nilisema ninavyoona."

"Ungeniambia nyumbani kwanza."

Ni kweli sikumwambia. Lakini na yeye hakuniuliza. Aliondoka nyumbani akijua mkono wangu uko mfukoni mwake pamoja na tumbaku. Tukaishi siku kadhaa kama wapangaji wenye heshima. Chakula kiko. Ahsante. Maji ya kuoga yako. Ahsante. Hakuna kitu kinachochosha kama ahsante za namna hiyo.

Waliochaguliwa kwenda Tororo walikuwa Mwalimu, Nabwire na mimi. Asubuhi ya safari nilivaa gauni langu la kanisani na viatu nikavishika mkononi, tayari kutembea. Nje nilimkuta Owor ameinama kwenye baiskeli yake, anajaza gurudumu upepo. Nyuma, kwenye kibebeo, alikuwa amefunga gunia lililokunjwa liwe laini.

"Panda," alisema. "Disii hangoji mtu."

Nilipanda. Sikusema ahsante, nilimshika kiunoni tu.

Ofisi ya Disii inanukia nta ya sakafu. Alitupokea kwa heshima, akashangaa kidogo kuona magauni mawili, akamuuliza Mwalimu nani ametuma hawa wanawake. Mwalimu alijibu kwa Kiingereza chake kilichopigwa pasi, nikasikia jina la chama chetu. Kisha Disii akanigeukia mimi.

"Mama, wewe sema. Mimi nasikia Kiswahili kidogo."

Nilikuwa nimejiandalia hotuba. Ikapotea yote. Nikasema lililobaki.

"Bwana, mama yangu anakaa ng'ambo. Mimi nilizaliwa huko kabla sijajua kwamba kuna huku na huko. Nikimbebea unga wa uji, askari wako ananiita mlanguzi. Mlanguzi gani anamuuzia mama yake uji?"

Alicheka kwa pua, halafu akaacha kucheka. Nabwire akaeleza ya korokoroni, bila kuongeza wala kupunguza, na yule bwana akawa anatazama kalamu yake. Mwishowe alisema amri ile ilikuwa ya malori, ya wafanyabiashara wakubwa wanaomaliza ghala za wilaya. Haikuwa ya wanawake wenye vikapu. Alisema amesikia, na kwamba tumefanya vizuri kuja.

Akasimama. Na mimi nikasimama, moyo umejaa, niko tayari kushukuru na kutoka.

Mwalimu Obbo hakusimama.

"Bwana," alisema, polepole, na kwa Kiswahili ili sote tusikie, "sisi tumesikia. Askari hawajasikia."

Yule bwana alimtazama pale alipokaa. Kisha Disii alifungua mlango akamwita sajini wa polisi kutoka barazani, akamwambia mbele yetu: mzigo wa kichwani usiguswe, wala mwanamke asishikwe kwa sababu yake, na wale wa Busia waambiwe leo. Sajini alipiga saluti. Nabwire alimtazama kuanzia kofia mpaka buti, bila haraka, kana kwamba ananunua ng'ombe.

Mwalimu angeweza kuja akiwa amenuna. Jambo lake lilianguka kwanza, tena kwa mikono ya marafiki zake. Lakini bila yeye tungerudi na maneno matamu tu. Nilimwambia hivyo kule nje.

"Nimefurahi, Mama Akoth," alisema. "Kweli nimefurahi. Lakini umeona? Amekupa kwa mdomo wake. Disii mwingine akija, na mdomo mwingine utakuja. Siku moja nataka tuingie mle bila kuomba."

 Nililibeba neno hilo, na bado ninalo. Nilikwenda kwenye ule mkutano nikidhani swali ni lipi kubwa, pamba, kura au mpaka. Sasa naona kura ndiyo kubwa, na bado nafurahi kwamba hatukuanza nayo. Tungeanza nayo, Nabwire angelala korokoroni tena wiki hii huku sisi tukisubiri jibu kutoka ng'ambo ya bahari.

Owor alikuwa ameegemea ukuta na baiskeli yake. "Anasema nini?"

"Amekubali."

Aliitikia kwa kichwa, akamsogelea Mwalimu wakaongea kidogo. Kwenye mwinuko tulishuka tukatembea, yeye akisukuma baiskeli. Karibu na kilele alisema, akitazama mbele, "Umesema vizuri. Mwalimu ameniambia." Halafu, "Lakini mizani yangu mimi sijasahau."

"Wala mimi," nilimwambia. "Safari hii tukae kwanza, unieleze vizuri jinsi wanavyokuibia. Hujawahi kunieleza. Huwa unanyamaza tu."

Akaeleza. Alieleza njia nzima mpaka nyumbani, kwa mikono yote miwili, baiskeli ikawa inasukumwa na mimi.

Juzi nilikwenda kwa mama. Nilipanda lori la samaki linalorudi tupu mpaka karibu na Busia, nikashuka, nikajitwika unga. Mpakani palikuwa na askari wawili. Mmoja alinyoosha mkono, mwenzake akamgonga kiwiko. Nikawasalimu, wakaniitikia. Nilipita. Nilitembea wima hivi kwamba shingo inaniuma mpaka leo.

Mama alishika unga kwa vidole, akaunusa.

"Nani alisaga huu?" aliniuliza kwa Kisamia. "Una chenga chenga. Huko ulikoolewa hawana jiwe?"

Kisha akanywa bakuli mbili za uji.

Nilimwambia habari za Disii, akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nilikuwa nimevaa viatu. Nikamwambia ndiyo. Akasema basi vema.

Na leo, tulipotoka ibadani, Nabwire alikuwa akiningoja kwenye tope pamoja na wanawake wengine wanne watano, wa sokoni na wa mashambani, mmoja amebeba mtoto mgongoni. Alisema wanataka kuingia kwenye chama. Nikafurahi, nikaanza kuwapongeza kwa ajili ya mpaka.

"Mpaka umekwisha," alinikatiza. "Sisi tunataka kisima." Mwenzake akasema kisima ndiyo, lakini kwanza mkunga. Yule mwenye mtoto akasema kwanza shule ya wasichana, kwa nini wa kwake akae nyumbani wakati kaka yake anasoma? Wakaanza kubishana pale pale mlangoni mwa kanisa, sauti juu, mchungaji akachungulia. Niliwaacha wabishane. Nilikuwa nacheka, na sikutaka waache.

Kisima, mkunga, shule, mizani, kura. Jumamosi tutapigana tena, na safari hii sitasimama karibu na birika. Chai amimine anayetaka kunywa.

Asubuhi nitapita kwa Mwalimu nimwambie atafute benchi jingine.