Kitenge cha Kijani cha Yaya Albertine

Yaya Albertine, dada na mwalimu wangu,

Jana tumemaliza kilio chako kwa karamu, na nimecheka mpaka mbavu zikaniuma. Usinikasirikie. Ungekuwepo ungetuzidi sote kwa kucheka.

Tangu tulipokuzika, cherehani yako naitumia mimi, lakini kila Jumamosi mchana nilikuwa nafunga atelie, chumba chetu cha kushonea. Watoto wa mtaa wetu wa Hewa Bora waliozoea kuja kwako kujifunza Tshiluba walikuta kufuli. Niliogopa, Yaya. Kushona ulinifundisha, ila kufundisha lugha ya wazee wetu waliotoka Kasai ilikuwa kazi yako. Nikajiambia darasa tumelizika nawe.

Ulivyokuwa ukilifanya nani ataweza? Mtoto mmoja ndiye jina la kitu, anasimama mbele na kuchagua kitambaa kwenye kapu la mabaki. Wengine ni maneno yanayomfuata, kila mmoja atafute kitambaa kama chake, ndipo ajipange nyuma. Tshimuma tshilenga, tunda zuri. Matunda yakiwa mengi, mstari mzima unabadilisha vitambaa: bimuma bilenga. Watoto hawa, ambao kwao kila kitu, tunda au mtu, ni "muzuri" tu, walielewa upesi, maana nani hajaona familia ya bibi harusi ikiingia yote na kitenge cha aina moja? Na aliyejipanga na kitambaa kisicho chake ulimsimamia mikono kiunoni: "Wee, uko famille ya nani? Ulikuya kula tu?"

Basi jana familia yako ilivaa kitenge cha kijani, nimekishona mimi. Tukiwa tunapakua bukari, ugali wetu, watoto wa darasa wakaingia uani kwa mstari, kila mmoja amejifunga kitambaa cha kijani mkononi. Walikuwa wameokota mabaki niliyotupa nje ya mlango, wala sikujua. Shangazi yako, unamjua anavyolinda sufuria, akawazuia.

"Aba batoto beko famille ya nani?"

Wakainua mikono yote pamoja. "Ya Mama Albertine."

Nililia, Yaya. Halafu shangazi akaanza kucheka, nami nikashindwa kujizuia, na uani kote kukawa kicheko. Akawapakulia samaki wa ziwani kutoka Pweto mpaka sahani zikajaa. Mbele ya mstari walikuwa wameacha nafasi ya jina, na hakuna aliyeikanyaga.

Pumzika vizuri, Yaya wangu. Jumamosi nafungua mlango. Nikikosea, watoto watanisahihisha. Hiyo nafasi ya mbele ni yako. Mimi nitajipanga nyuma, na kitambaa changu cha kijani mkononi.

Mdogo wako,
Bijou