Hapa Si Diko

Badi,

Salamu za makaburini nimekutolea, Fatiha nimekusomea, lakini kule siwezi kusema nawe. Kule kuna watu, na kuna Faruk kakako, amekaa kando yako kama askari. Basi nakuandikia hapa Liwatoni, nimekaa juu ya boti iliyopinduliwa, mikono yote rangi. Usinicheke mwandiko.

Jino langu la mbele halipo tena. Kakako huyo. N'takwambia.

Lakini kwanza nikuulize, yakhe, haraka ilikuwa ya nini? Tumekwenda kupiga kambi tu! Kijiziwa huko bara, watu watatu, wewe, mimi na Mutua, hema lake, biriani ya mamako kwenye sufuria iliyofungwa kitambaa. Mlinzi wa pale, yule mzee, alituonyesha mahali, kule juu karibu na ua wake. "Laleni huku, vijana." Wewe macho yako yashafika majini. Ukaona ule uwazi katikati ya matete, udongo umelainika, umeteremka vizuri mpaka ziwani, ukapiga kelele, "Hili diko hili! Watu wa hapa hupandishia vyombo vyao hapa!"

Na mimi nililiona diko, wallahi. Kwetu kisiwani mahali pakiwa peupe hivyo kando ya maji, pamesuguliwa na miguu ya watu na matumbo ya maboti. Nani kwetu angefikiria mnyama? Mavi yalikuweko, yametapakaa kwenye majani. Ukasema ya ng'ombe.

Mutua akakwambia, "Badi, mzee amesema juu."

"Mwoga wee! Nenda kalale na mzee wako. Mtu wa kisiwa halali mbali na maji."

Tukacheka. Tukapiga hema pale pale.

Alfajiri ukatoka kwenda kutawadha. Nilikusikia wapiga chafya. Halafu nikasikia matete yavunjika, lakini kwa nyuma, upande wa nchi kavu. Kiboko alikuwa yuwarudi ziwani kutoka malishoni, na sisi tumelala mlangoni kwake. Alipita juu ya hema kama lori. Upande wa Mutua ulikwenda wote, bahati yeye alikuwa kashaamka, katoka nje. Mimi nilitoka kwa kuchana kitambaa, nikakuona. Umeinama, suruali umeikunja mpaka magotini, maji yamo mkononi. Hukuwahi kugeuka. Alikukamata kiunoni. Badi, nilisikia. Kama mtu avunjavyo muwa kwa goti.

Akakutikisa. Akakutupa. Akakurudia.

Mutua alimrushia sufuria, mawe, kiatu, kila kitu, huku mzee yuwaja mbio na debe, yuwalipiga. Mnyama akasogea kidogo tu, akabaki palepale yuwapumua, maji yote mekundu. Mutua akaingia. Mpaka kifuani! Mimi nikamfuata kwa sababu yeye kaingia, si kwa ushujaa. Akashika mkono huu, mimi huu, tukakuvuta, na sehemu zako nyengine zilikuwa haziji pamoja nasi. Ukanitazama. Ukasema, "Udhu umenitoka." Basi. Mpaka leo sijui kama ulikuwa wafanya mzaha. Ungeweza, wewe.

Tulikurudisha mtaani kwetu Kibokoni umefungwa ndani ya hema. Waliokukosha walitoka nje mmoja mmoja, wakishika ukuta.

Sasa hitima. Baraza yote imejaa, na watu wakusifu. Ati Badi alikuwa mtulivu. Ati Badi alikuwa msikivu, ukimwambia neno moja huna haja ya kurudia. Nilitaka kucheka nikashindwa, nikatazama viatu vyangu. Mara akaja Mutua, ameshika mfuko wa sukari wa matanga, shati kalipiga pasi. Hakufika hata ngazini.

"We mbara!" Faruk huyo. "Umemchukua ndugu yangu ukawalishe wanyama! Nyinyi ndio mnaowajua, kwa nini hukumkataza?"

Mutua, Badi! Aliyezaliwa Changamwe hapo ng'ambo, babake wa reli, kiboko kamwona siku ile ile tuliyomwona sisi! Akafungua mdomo, akautazama mlango wa mamako, akafumba mdomo. Hakutaka kukutaja. Faruk akamnyang'anya muuza kahawa dele lake, la moto vile vile, akampiga nalo kichwani. Damu na kahawa pamoja. Mutua akaanguka, sukari ikamwagika njia nzima, na vijana wa baraza wakaruka. Mateke. Mtu kashika kiti. Nilisikia ule mlio tena, Badi, ule wa muwa. Safari hii ulikuwa mkono wa Mutua.

Waijua mila yetu, marehemu hasemwi. Nikinyamaza, wamuua. Nikisema, nakuzika mara ya pili, mbele ya mamako.

Nikasema. Nilipiga ukelele, "Ni Badi! Badi ndiye aliyechagua! Aliambiwa akakataa!"

Faruk akamwacha mwenzangu akanijia mimi. Ngumi ya kwanza, jino. "Rudia!" Nikarudia. Ya pili. "Rudia!" Nikarudia, nimepiga magoti, maneno yatoka na damu. Kainua ya tatu, na mamako akateremka ngazi. Watu wakampisha.

"Alisema nini mwanangu, alipoambiwa?"

"Mama..."

"Nakuuliza."

Nikamwambia. Kwamba mtu wa kisiwa halali mbali na maji.

Wallahi, nusu ya uso wake ikacheka. "Ndiye," akasema. "Huyo ndiye mwanangu. Hata kuzaliwa alitanguliza miguu. Siku zote hizi mwaniombolezea mtu nisiyemjua." Akavua leso ya juu, akamfunga Mutua kichwa. "Faruk, mwinue mgeni. Hajala."

Kakako akamwinua. Lakini mimi hakusema nami tena mpaka jana.

Jana alikuja hapa Liwatoni. Mimi nilikuwa napaka rangi ubao, mbao ya boti iliyovunjwa, herufi kubwa nyekundu, zile zile ninazoandikia majina ya vyombo: HAPA SI DIKO. NI NJIA YA KIBOKO. LALA JUU. Akasimama nyuma yangu mpaka nikafikiri n'tapoteza na jino la pili.

"Herufi zako zimepinda," akasema.

"Basi shika ubao."

Akaushika. Mpaka nikamaliza. Akaenda zake, vidole vyekundu.

Ijumaa baada ya swala tunaupeleka mimi na Mutua, mkono wake kwenye plasta. Mzee atatuonyesha pa kuupigilia. Nakuahidi, hakuna mtoto mwengine wa kisiwa atakayelala pale bila kuambiwa. Na akiambiwa akakataa kama wewe, basi.

Usiku wake sisi tutalala kule juu, karibu na ua. Tuite waoga. Nipe hilo, nakuomba, tuite tu.

Na wewe walala mbali na maji sasa, yakhe. Zowea.

Athmani