Dole Lako la Krismasi

Iringo, Musoma
Jumapili, 16 Machi 2025

Kwako dada yangu Lukresia,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Pastory na wanangu Clever na Dorah. Mimi huku ni mzima, isipokuwa mafua ya mvua hizi, nayo hayajanizuia kula. Nilikuwa Mugango Ijumaa iliyopita, nikamkuta mama anaanika udaga wake wa muhogo huku anagombana na kuku, kwa hiyo ujue hajambo kabisa. Anakusalimu sana na anauliza kama goti lako limepata nafuu.

Najua unashangaa mdogo wako kushika kalamu wakati simu ipo. Tangu nimalize shule sijaandika barua, na mwandiko unauona mwenyewe ulivyo. Lakini kwenye simu ungenikata katikati, nami ningepata nafasi ya kunyamaza. Karatasi hainipi nafasi hiyo. Nimempa Jenipher wa kwaya akuletee mkononi, nimeibandika gundi pande zote, na nimemwambia ikifika imefunguliwa tutakosana. Nakuomba jambo moja: Alhamisi ukienda polisi usisaini maelezo yoyote dhidi ya Machage kabla hujaisoma barua hii mpaka mwisho.

Tangu shemeji anieleze yaliyokupata sijatulia. Askari wakufuate dukani, mbele ya wateja, wakuulize habari za namba ya simu usiyoijua, kumbe namba yenyewe imesajiliwa kwa jina lako na kitambulisho chako! Mtu aliitumia kumpigia mama mmoja wa Butiama anayeitwa Rhobi, akajifanya mlezi wa bweni, akasema binti yake amezidiwa na zinahitajika hela za matibabu haraka. Mama wa watu akatuma laki mbili na thelathini, ambazo zilikuwa ada. Binti muda huo yuko darasani, mzima kabisa. Na wewe, ambaye kuku wa jirani akitaga kwako unarudisha yai, ukaitwa tapeli.

Shemeji alisema wewe una uhakika ni Machage, yule msajili laini wa mwavuli pale stendi ya Bunda, kwa kuwa ndiye aliyekurudishia laini yako ilipopotea mwaka juzi, na ulimwekea dole. Nasikia watu wote wamekubaliana na wewe. Nasikia pia kwamba mwavuli wake umefungwa, wateja wanapita mbali, na mkewe amejifungua mwezi uliopita. Hayo ya mkewe ningependa nisingeyasikia.

Kazi hiyo mimi naijua, mwaka wa tatu huu nakaa na mwavuli wangu karibu na soko. Basi Ijumaa nilimkalisha mama, nikamwambia abonyeze mwenyewe ile menyu ya kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Zikatoka namba mbili, na mama ana laini moja tu tangu azaliwe. Akaitazama ile ya pili kama mgeni aliyeketi mezani bila kukaribishwa, akaniuliza kwani dole lake lilikuwaga linatembea lenyewe. Nilicheka, halafu kicheko kikaniishia.

Unamjua mama, habari haikai. Jioni baada ya Njia ya Msalaba nikakuta watu kumi na moja wananingoja nje ya kanisa, kila mmoja na simu yake. Sita kati yao walikuwa na namba wasizozijua. Mzee Masanja, katekista, alikuwa nazo tatu, akataka kujua kama hao wanaotumia jina lake wanatoa zaka. Tulicheka wote, lakini yeye akaziandika zote tatu nyuma ya kitabu chake cha nyimbo.

Nikawaeleza ninayoyajua. Msajili akisema dole halijasoma, mwambie akuonyeshe kioo cha mashine kabla hujaweka tena. Usiondoke mpaka umejua namba ngapi zimeingia kwa jina lako. Namba ya siri usimtajie wakala, hata foleni iwe ndefu namna gani, na hata kama macho yako ni mabovu. Picha ya kitambulisho usiigawe ovyo. Hapo nilikukumbuka wewe na ile uliyoituma kwenye kikundi cha wazazi. Nakuomba uifute, ingawa wazazi themanini wameshaiona ulivyonuna. Walinishukuru sana. Mama mmoja akakimbia nyumbani kwake akaniletea sato mzima, mkubwa, wa kutosha watu wanne. Nilirudi naye Iringo, nikamkaanga vizuri na vitunguu, nikaketi mbele ya sahani. Sikuweza kumla, dada.

Sikuweza kwa sababu si Machage. Ni mimi.

Kumbuka Krismasi ya mwaka juzi. Nilikuja Mugango na laini mpya nikasema ni zawadi yako, yenye vifurushi vya bei nafuu. Ulikuwa jikoni unapara samaki. Ulikuja na mikono yako ilivyo, ukaweka dole, nami nikasema halijasoma, kidole kina magamba, futa uweke tena. Ukajifuta kwenye kanga, ukacheka, ukasema vidole vyetu wapara samaki hata Mungu atapata shida kuvitambua siku ya mwisho. Ukaweka tena. Lakini dole lako lilikuwa limesoma mara ya kwanza. Ile ya pili ilikuwa ya laini nyingine, iliyokuwa mfukoni mwangu, na namba yake ndiyo hiyo aliyopigiwa Rhobi.

Ndivyo nilivyokuwa nafanya kila nilipobanwa. Msimamizi wetu alitaka laini kumi na tano kwa siku, na usipofikisha unakatwa. Kisha kulikuwa na mtu anapita sokoni ananunua laini zilizokwisha kusajiliwa, hana maswali. Nilijidanganya kwamba ni za watu wasio na vitambulisho, wanaotaka tu kuongea na ndugu zao. Sikumuuliza, kwa sababu jibu nililijua. Nilichagua watu wa nyumbani, wenye vidole vilivyolika kwa chumvi na jembe, maana hao mashine huwakataa kweli mara nyingi na hawashangai kuambiwa warudie. Nilichagua walioniamini. Mama yumo. Nilipoandika majina nikafika ishirini na matatu, na la kwako ni la tisa. Naona aibu, Lukresia. Sina neno zuri zaidi ya hilo.

Jana nilikwenda Butiama kumtafuta Rhobi. Nilikuwa nimeuza friji yangu, ile ya juisi, nikampelekea hela yake yote nikamweleza kila kitu. Alizihesabu hela mara mbili. Halafu akasema alikuwa amemwandaa mwizi wake kichwani, mwanamume mwenye kovu, na sasa nimemharibia. Akanikaribisha ugali. Baada ya kula nikamwambia tuhakiki namba zake. Akanipa simu, kisha akaichukua tena kabla haijafika mkononi mwangu, akasema nitaje tu, vidole vya kubonyeza anavyo. Sikuumia. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, maana nilijua huyo hapigwi tena na matapeli.

Ofisi ya kampuni nimeshaandikia, na laini kumi na nne kati ya zile zimefungwa, ya kwako ikiwa ya kwanza. Waliobaki nawatafuta mmoja mmoja. Leo baada ya misa nilimwambia mama na wale wa Ijumaa. Mama alinipiga na mwiko, kisha akaniuliza nitakula nini njiani nikija Bunda. Mzee Masanja amesema atanisamehe Pasaka, kabla ya hapo anataka ajifunze kuhakiki yeye mwenyewe ili awafundishe wa vigango vingine.

Jumatano asubuhi nitakuwa kituo cha polisi Bunda, na daftari langu lenye majina yote na namba ya simu ya yule mnunuzi. Sijui watanifanya nini. Naogopa, lakini usingizi umerudi. Nikitoka huko, kama nitatoka, nitakwenda kwa Machage. Ukitaka twende wote, nitakungoja getini. Usipotaka, nitaelewa, na salamu zako za hasira nitazipokea kwa njia yoyote utakayozileta.

Msalimie shemeji, mwambie chumba changu cha Iringo kimelipiwa mpaka Juni, asianze kuwaza. Wabusu Clever na Dorah. Clever akifikisha umri wa kusajili laini, mfundishe mwenyewe, usiniachie mimi.

Barua hii unaweza kumpa askari yeyote, ndiyo maana nimeisaini. Hapo chini nimeweka pia dole langu kwa wino wa kalamu. Limetoka limefifia upande mmoja, lakini sikurudia.

Mdogo wako anayekupenda,
Hyasinta