Nyuzi Mbili kwenye Ukuta wa Tangi

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: kama lilivyo kwenye kitambulisho, hujulikana kama Mwalimu
Umri: miaka 79
Kazi: mwalimu mstaafu wa fizikia, mshauri wa vipimo, idara ya maji
Makazi: kwa binti yake, nyuma ya karakana ya idara

Nimeletwa kituoni na binti yangu kwa kiti cha magurudumu. Figo zangu zimekwisha, na daktari ameacha kunitania. Akili ni nzima. Afande aandike ninavyosema, asinipambe.

Mnamo tarehe 4 mwezi wa tatu, saa tatu asubuhi, nilikuwa kwenye tangi kuu la maji na fundi ambaye mmemweka mahabusu. Wiki moja kabla tulikuwa tumefunga pale kifaa cha kupima ukuta. Kifaa hicho hugawa mwanga wa leza kwenye nyuzi mbili za kioo, nyembamba kama unywele. Uzi wa kwanza hubandikwa ukutani. Wa pili huachwa huru ndani ya boksi, usivutwe na kitu. Mwanga ukirudi, mashine hulinganisha. Ukuta ukitanuka kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, nyuzi hazilingani tena, na mstari kwenye kompyuta hupanda.

Mstari ulikuwa unapanda kila siku.

Mkurugenzi, ambaye wafanyakazi humwita Suti, alikuja akaniambia, "Mzee wangu, wafadhili wanafika kesho. Nitulizie huo mstari."

Alikuwa ameniahidi kwamba maabara mpya itapewa jina langu. Nilimwambia fundi aubandike uzi wa pili ukutani, kando ya wa kwanza.

Fundi alicheka. "Nyie wasomi mkisema bandika, sisi gundi tunayo."

Hakujua. Mimi nilijua. Nyuzi mbili zikivutwa pamoja hulingana daima, na mashine haioni kitu.

Kesho yake wafadhili waliupigia makofi mstari ulionyooka. Mmoja aliupiga picha. Suti akasema, "Mnaona? Ukuta umelala." Nimefundisha watoto wa miaka kumi na miwili ambao hawadanganyiki kirahisi hivyo. Nami nilikaa kiti cha mbele, nimevaa tai, nikitabasamu.

Mwendesha pampu alizoea kuniamkia, "Shikamoo Mwalimu, ukuta unasemaje?" Nilikuwa namjibu, "Marahaba, haujasema kitu." Tarehe 19, saa nne asubuhi, ulipasuka, naye alikuwa chini yake.

Juzi Suti aliniletea zabibu. "Fundi bado kijana, jela haitamla. Wewe pumzika." Nilimuuliza kama mjane wa mwendesha pampu naye amepelekewa zabibu. Alisema hajapata nafasi. Simsingizii kwamba alinishawishi. Mtu mwepesi kama yule hamshawishi asiyekuwa tayari.

Fundi alibandika nilichomwagiza. Mfungulieni.

Binti yangu ananigusa bega, anasema, "Baba, inatosha, afande ameelewa." Hajaelewa. Tangu nianze ananiita shahidi.

Maelezo yangu ni hayo. Nimesomewa, na sina la kupunguza.

Alama ya dole gumba (hawezi kushika kalamu)

Maelezo ya afisa: Nimesitisha maelezo ya shahidi saa sita na robo mchana na kumpa mtoa maelezo onyo kama mtuhumiwa. Alijibu, "Sasa tumeelewana, mwanangu." Kwa amri ya mkuu wa kituo, fundi alitolewa. Alirudishiwa mkanda na viatu mbele ya mtuhumiwa, akavaa, akapita bila kumwamkia.